Kwa Wanaoanza Kazi ya Tiba kwa Miondoko ya Mwili

Wengi wanaoingia katika kazi hii huja na ustadi wa kucheza dansi, na mara nyingi ustadi huo ndio unaowaponza. Miezi yangu ya mwanzo niliandaa kila kipindi kama darasa, muziki na hatua vikiwa tayari, nami nikisimama mbele ya kundi. Wagonjwa walinifuata kwa adabu, kisha wakarudi vitini vile vile walivyokuja. Nilichelewa kutambua kwamba nilikuwa nikiwaonyesha mwili wangu, ilhali nilitakiwa kuusikiliza wao.

Marian Chace, mcheza dansi aliyeanza kufanya kazi na wagonjwa wa akili mwaka 1942 katika hospitali ya St. Elizabeths mjini Washington, alituachia desturi ya kuanzia pale mgonjwa alipo. Mtu akikaa kimya huku akiyumba taratibu, mtaalamu huupokea mdundo huo huo mwilini mwake na kuurudisha, ili yule asiyezungumza ajue kwamba ameonekana. Huko ndiko kuakisi, na tafadhali msikuchanganye na kuiga. Anayeiga hunakili umbo la mkono tu. Anayeakisi hupokea pia nguvu, kasi na mkazo uliomo ndani yake. Jifunzeni mapema lugha ya Rudolf Laban, mtaalamu wa dansi aliyeutazama mwondoko kwa uzito, muda, nafasi na mtiririko, kwa sababu ngumi inayokunjwa polepole na ile inayokunjwa ghafla hazisemi jambo moja.

Msiharakishe kufasiri. Mikono iliyofumbatwa kifuani huenda ikawa hofu, na huenda ikawa baridi tu.

Kwa waliopitia ukatili, usimguse mtu kabla hajakuruhusu, wala usimlazimishe kufumba macho. Na kila kipindi kiachiwe muda wa kutulia, nyayo zikiwa sakafuni na pumzi imeshuka, kabla mtu hajatoka mlangoni.

Mgonjwa mmoja, kwa vipindi vitatu, hakufanya lolote ila kugonga goti lake kwa kidole. Niligonga langu vivyo hivyo, bila kuongeza kitu, ingawa nilitamani sana kumwinua. Kipindi cha nne alibadili mdundo, akainua uso na kunitazama aone kama nitamfuata.