Maswali yenu ya soka: ligi ya mkoa tena, na mengineyo

Meseji zimejaa, nachagua chache. Wenye swali la Simba na Yanga nani zaidi mnisamehe, yapo magazeti ya hayo.

Shkamoo kaka. Timu yetu ya Muheza imebeba mbuzi wa ndondo mara tatu mfululizo, hatuna mpinzani. Tunataka kucheza Championship, tunaanzia wapi?

Marahaba. Mnaanzia wilayani jamani, kila wiki nalijibu hili! Mnajisajili chama cha soka cha wilaya, mnacheza ligi ya wilaya, mkipita mnaingia ligi ya mkoa, bingwa wa mkoa ndo anaenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa kukutana na mabingwa wenzake wa Bara, wanaofanya vizuri kule wanaingia First League, ile tuliyozoea kuiita Daraja la Pili, halafu ndo Championship, halafu ndo Ligi Kuu. Ndondo, hayo mashindano ya mtaani, haimo humo hata kidogo. Mbuzi mmekula, hongereni, ila hakuna kamisaa, yaani msimamizi rasmi wa mechi, aliyeandika popote kwamba mlishinda.

Na mkijisajili msidhani kazi imeisha. Juzijuzi nimeona mechi ya ligi ya mkoa, chokaa imefutika nusu ya kiwanja, goli moja halina nyavu, katibu anamlilia kamisaa kwamba leseni ya kipa imebaki nyumbani kwa mwenyekiti na mwenyekiti simu hapokei. Kipa akakaa benchi, beki akavaa glovu, wakapigwa nne. Timu zetu nyingi zinafia kwenye bahasha ya makaratasi kabla hata mpira haujaanza.

Mimi niko Bagamoyo, naweza kusajili timu Tanga maana kwetu ligi imelala?

Hapana. Bagamoyo ni Mkoa wa Pwani, chama chenu ni COREFA, kawaamsheni.

Kaka mbona wengine hawapiti huko kote, wananunua timu tu wanatokea Ligi Kuu?

Kweli, na mimi silipendi. Timu ya DTB ilipanda Ligi Kuu 2022, kufumba na kufumbua ikaitwa Singida Big Stars. Ihefu ilikuwa ya watu wa Mbarali kule Mbeya, 2024 ikawa Singida Black Stars. Mwenye hela atakwambia timu ilikuwa inakufa yeye kaiokoa, na mara nyingine ni kweli, ila yule shabiki wa Mbarali aliyekuwa anatembea kwa miguu kwenda uwanjani sasa anashangilia nini? Na nyie mnaoniuliza mkiwa na hela ya kununua nafasi, chukueni robo tu ya hiyo hela mlipe nauli za marefa na maji ya wachezaji kwenye ligi ya wilaya yenu, mtaona kama hampandi.

Tuna dogo wa miaka 15 anatisha, kuna wakala anataka kumchukua. Sisi tuliomlea tunapata chochote?

Hili ndo swali la maana kuliko yote ya leo. FIFA wana utaratibu, mchezaji mwenye mkataba akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya hela inakatwa inagawiwa klabu zilizomlea toka miaka 12 mpaka 23, kila klabu kwa miaka aliyokaa nayo. Haijalishi ni klabu ya Ligi Kuu au ya kule Mkinga. Ila klabu iwe imesajiliwa, na dogo awe amesajiliwa kwenu kwenye mfumo wa TFF, shirikisho la soka la nchi, sio kwenye daftari la kocha. Dogo anayecheza ndondo tu, kwenye karatasi hajawahi kuwa wenu. Na huyo wakala muulizeni leseni yake mapema, akianza kusema "tutaongea baadae mzee wangu" mnyimeni hata picha ya cheti cha kuzaliwa.

Timu ya Zanzibar inaweza kucheza ligi yetu ya mkoa, si tunapakana bahari?

Wana ligi yao chini ya ZFF, shirikisho la soka la Zanzibar, na bingwa wao anaenda mashindano ya Afrika ya CAF mwenyewe. Bahari haihusiki.

Tanga ya zamani iko wapi kaka, mbona tumepotea?

Coastal Union bingwa wa ligi 1988, najua, babu zenu wamewaambia. Mimi nawakumbusha msimu wa 2015/16, Coastal, African Sports na Mgambo timu zetu zote tatu zilishuka msimu huo mmoja, mkoa mzima ukabaki bila timu Ligi Kuu. Coastal wakarudi 2018, wakamaliza wa nne 2023/24, wakaenda Kombe la Shirikisho Afrika wakatolewa na Bravos do Maquis ya Angola raundi ya kwanza tu. Mnanung'unika uwanjani Mkwakwani, ila ligi ya mkoa ikichezwa siwaoni, na hao wachezaji wa Coastal wa kesho mnategemea watoke wapi? Wengi wanapiga bodaboda asubuhi jioni wanavaa jezi, posho yao ni nauli na soda.

Naomba namba ya kocha wa Coastal, nina kipaji sana.

Unacheza timu gani, na imesajiliwa wilaya gani?