Uwanja wa gofu umechoka na majirani wanavutana, tuanzie wapi?

Mwezi huu barua nne zimetoka kwa watu wa zile esteti zenye uwanja wa gofu katikati, nyumba huku, nyasi huku. Nimekata nyasi za viwanja kama hivyo miaka mingi kabla sijapewa ofisi, kwa hivyo leo wa mbolea za nyanya mnivumilie.

SWALI: Mzee salamu sana. Mimi naishi esteti moja ya gofu upande wa Kiambu, jina weka kando tafadhali manake nitatafutwa. Nyumba tuko kama 300 na uwanja ni wa mashimo 18, una miaka 15 hivi. Saa hii umechoka vibaya. Mvua ikinyesha feawei (ile njia ya nyasi fupi ya kuelekea shimo) ya shimo la 4 na la 5 zinakua bwawa siku tatu, banka (vile vidimbwi vya mchanga) zimejaa matope, sprinkla nusu hazizunguki, alafu grini (pale penye shimo lenyewe, nyasi fupi kabisa) zimeingiliwa na nyasi ya Kikuyu kutoka pembeni mpaka hujui grini inaanzia wapi. Juzi kamati ikaleta dizaina, amekuja na picha nzuri nzuri kwenye skrini, maporomoko ya maji, banka nyeupe kama chumvi, na bei ambayo ukiigawa kwa nyumba kila mtu karibu azimie. Wanaocheza hapa hawafiki robo. Wasiocheza wanasema hawatoi hata shilingi, wanaocheza wanasema uwanja ukifa bei ya nyumba inakufa nao. Mimi nimetupwa kwenye kamati bila kuomba na sijawahi hata kushika fimbo ya gofu. Tuanzie wapi? – Mama Wawili, Kiambu

JIBU: Mama Wawili, usiogope hilo la kutoshika fimbo, kamati ya ukarabati inahitaji angalau mtu mmoja wa kuuliza hela inaenda wapi, wachezaji ukiwaachia wenyewe watazungumzia banka mpaka usiku wa manane.

Dizaina mwambieni asubiri. Simsemi vibaya, labda kazi yake ni safi, lakini uwanja wenu hauumwi uso, unaumwa tumbo. Maji yanasimama siku tatu pale la 4 na la 5, hapo ndipo ugonjwa ulipo. Ngojeni mvua kubwa moja, vaeni gambuti, wewe na meneja na yule mfanyakazi mkongwe kuliko wote (yupo, kila uwanja una mmoja, na anajua valvu zimezikwa wapi kuliko ramani yoyote), mzunguke mashimo yote 18 mkipiga picha na kuchomeka vijiti: maji yanaingilia wapi, yanalala wapi, yanatokea kwa nani. Mara nyingi utakuta maji ya feawei yametoka kwenye mapaa na kabro za nyumba zenyewe, manake mitaro ilichimbwa wakati nyumba ni chache, na kabro hainywi maji. Hizo picha ziweke vizuri, utazihitaji kwenye mkutano.

Mimi mwenyewe niliwahi kukosea hapa. Kwenye klabu moja niliyofanya kazi tulishinikizwa tuweke mchanga mpya kwenye banka zote kabla ya mashindano, mitaro ya chini hatukuigusa, ukapendeza kweli, watu wakapiga picha. Masika ilipofika wiki ya pili ule mchanga wote ulikua umechanganyika na udongo mwekundu kama uji wa wimbi. Hela ya watu imeenda hivo.

Kuhusu miaka 15, msianze kutafuta mwizi (ingawa hesabu za akiba zionwe, hilo ni haki yenu). Uwanja una umri wake kama gari. Hesabu wanayotumia wajenzi wa viwanja Marekani ni kwamba mchanga wa banka huishi miaka 5 hadi 7, tii (pale pa kupigia mpira wa kwanza) miaka 15 hadi 20, grini 15 hadi 30, na mfumo wa kumwagilia 10 hadi 30 kutegemea paipu na pampu. Sasa angalia uwanja wenu, kila kitu kimefika au kinakaribia kwa wakati mmoja, na kama hamkuwa mnaweka akiba kila mwaka basi bili yote imekuja siku moja, ndio maana watu wanazimia.

Kitu cha pili ni maji ya kumwagilia, na hapa chukua kalamu. Milimita 1 ya maji juu ya hekta 1 ni lita 10,000. Mkimwagilia hekta 20 kwa milimita 4 siku ya jua kali ni lita 800,000. Kwa siku moja! Muulize meneja kisima chenu kinatoa lita ngapi na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kinaruhusu ngapi, utashangaa hizo namba mbili wakati mwingine hata hazijuani. Kama esteti ina mtambo wake wa kusafisha majitaka, hayo maji yakipimwa yakawa salama yanafaa sana kwa nyasi, mnayaweka kwenye bwawa lenu. Na si lazima kila mahali pamwagiliwe. Grini, tii, na pale mpira unapotua, basi. Pembeni acheni Kikuyu iishi na mvua yake, hiyo nyasi ni ya kwetu, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na inajua kujitafutia. Wenzetu wa Los Angeles walipelekewa wakaitukana kama magugu, na bado uwanja wao maarufu wa Riviera feawei zake ni Kikuyu, mabingwa wanachezea hapo. Shida yake ni moja tu, inatambaa, mpaka wa grini haiujui. Hapo inataka mtu wa kukata ukingo mara kwa mara, hiyo si kazi ya mamilioni, ni kazi ya jembe na nidhamu.

Ndio maana kabla hamjakubali kubomoa grini zote 18, chimbeni kishimo kidogo kwenye kila moja, mwageni ndoo ya maji muangalie. Ikizama vizuri, hiyo grini haijafa, imevamiwa na imepungua tu (zote hupungua, mwenye mashine kila siku anakata ndani kidogo akiogopa kugusa pembeni, miaka 15 baadaye umepoteza mita nzima kuzunguka). Irudisheni ukubwa wake muendelee. Ile isiyopitisha maji ndio ijengwe upya. Na kujenga upya si mchezo: grini ya mita za mraba 500 kwa kipimo cha USGA (chama cha gofu cha Marekani) ni sentimita 30 za mchanga uliopimwa maabara juu ya sentimita 10 za kokoto, yaani mita za ujazo 150 za mchanga na 50 za kokoto, karibu tipa 16 za tani 20. Zidisha kwa 18 unapata tipa karibu 290, zote zinapita juu ya kabro yenu mbele ya watoto wa baiskeli. Umewahi kuona dizaina anaweka bei ya kabro iliyovunjika kwenye picha zake? Mimi bado. Muulizeni njia ya malori iko wapi, na nani atarudisha barabara.

Muda sasa. Fanyeni mashimo 9 kwanza, mengine 9 yachezwe, mkimaliza mnabadilisha. Kiambu mitaro ichimbwe Juni hadi Agosti, udongo haujalowa sana, lakini usipande nyasi Julai, ni baridi na mawingu na nyasi inalala kama mwanafunzi wa bweni. Panda Septemba jua likirudi, vuli ikija Oktoba iwe tayari imeshika. Kontrakta akikwambia ataanza Machi manake ana nafasi, mwambie hiyo nafasi ampe mwingine, masika itabeba kila kitu mpaka mtoni.

Na wale wasiolipa. Wengi hawachukii gofu, wamechoka kulipia kitu wasichoruhusiwa hata kukikanyaga. Gawa bili mara mbili mbele ya mkutano mkuu. Mitaro, bwawa, paipu kubwa na barabara ni mali ya kila nyumba, bila hivyo maji yataingia sebuleni kwa mtu asiyejua hata gofu inachezwaje, na hapo ndipo zile picha zako za mvua zitafanya kazi. Banka, grini na tii wachezaji wabebe sehemu kubwa kupitia ada zao. Alafu wapeni wasiocheza kitu cha miguu: njia ya kutembea pembezoni mwa uwanja, masaa ya jioni yanayojulikana, taa mbili tatu. Ukishapata hiyo kura ndio umuite dizaina, na umpe ramani ya vijiti vyako kabla hajafungua laptopu. Makaratasi ya NEMA (mamlaka ya mazingira) na ya kaunti yaanze mapema, hasa mkigusa bwawa au kijito.

SWALI: Mzee, kuna mkazi kwetu amependekeza tuuze mashimo mawili wajenge maghorofa, hela itengeneze mengine 16. Mbona isiwe rahisi hivyo? – Baba Njeri, Thika

JIBU: Baba Njeri, ingekua rahisi mngekua mmeshauza. Waliojenga kando ya hayo mashimo walinunua wakiona nyasi kwenye ramani iliyopitishwa, sasa unawaletea ghorofa dirishani, hao wanaenda kortini asubuhi kabla ya chai. Kuna pia kubadilisha matumizi ya ardhi chini ya sheria ya mipango ya 2019, tangazo, pingamizi, kaunti. Na swali la msingi, hati ya hiyo ardhi iko kwa jina la nani, kampuni ya wakazi au bado ni ya yule aliyejenga esteti? Anzeni na kusachi ardhi. Kama ni kupunguza, nimeona afadhali mashimo 9 mazuri kuliko 18 yenye njaa, ardhi inayobaki iwe miti na njia, hakuna kinachouzwa na hakuna anayeshtaki.

SWALI: Shikamoo. Nyumba yangu iko kulia kwa feawei na mwaka huu vioo vitatu vimevunjwa na mipira. Wenye nyumba za kushoto hawana shida hata moja. Tunarogwa? – Bi Zainabu, Kilifi

JIBU: Marahaba mwanangu, hakuna mchawi hapo. Wachezaji wengi wanatumia mkono wa kulia, na mchezaji wa kawaida kosa lake kubwa ni mpira kupinda kwenda kulia, ambako ndiko ulikojenga wewe. Kama kwenu pia ukarabati unapangwa, andika barua mapema uombe tii igeuzwe uso uangalie kushoto na sehemu ya kutua mpira isogezwe huko, banka moja ikiwekwa upande wako watu watajikimbizia wenyewe upande mwingine. Miti inasaidia, lakini mkwaju huwezi kuungojea ukue, weka wavu kwa sasa. Vioo nani alipe, soma mkataba wako na kanuni za esteti, na kila mpira uliotua uani uweke kwenye ndoo na tarehe yake. Ndoo iliyojaa mbele ya kamati haihitaji wakili.

SWALI: Mzee sisi ni makedi, tunabeba mabegi ya wachezaji. Tumesikia uwanja utafungwa miezi sita kutengenezwa. Hatuna mshahara, tunalipwa kwa raundi. Tutakula nini? – Kedi wa Nairobi

JIBU: Kijana wangu, hili swali lilitakiwa liwe la kwanza na sijawahi kuliona kwenye mpango wowote nilioletewa. Wakifanya 9 kwa 9 kazi inapungua lakini haiishi, kwa hivyo hilo mliombe kwanza. Pili, kupanda nyasi ni kazi ya mikono, vipande vya nyasi vinachomekwa kwa mistari, kuna kuokota mawe, kuna kupalilia kingo, na nyinyi mnajua kila kona ya uwanja kuliko kibarua wa kontrakta aliyeletwa na lori jana. Muombe iandikwe kwenye mkataba wa kontrakta kwamba idadi fulani ya vibarua itoke kwenu. Chagueni watu watatu wanaoongea vizuri, andikeni orodha ya majina na namba za simu, mpelekeeni kapteni wa klabu Jumamosi mchana akitoka kucheza. Ila muangalie kwanza kama amecheza vizuri.