Mwagilia zege lako: majibu kwa wanaojenga Mwanza

Fundi amemwaga lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, juzi. Anasema jua hili litaikausha haraka, nisihangaike. Ni kweli? (Buhongwa)

Anza kumwagilia leo hii. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka. Inaungana na maji kikemia, na kazi hiyo huendelea kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana zege hukomaa hata likiwa chini ya maji. Jua likiyafyonza maji mapema, kazi inakatikia njiani: lenta inapata nyufa, na ukiikwangua kwa msumari inatoa unga. Tandika magunia yaliyolowa juu yake, yasikauke mchana wala usiku, kwa siku 7 angalau. Inaniuma sana kuona familia imejinyima miaka ili ipate nondo na saruji, halafu lenta inaachwa iungue kwa kukosa ndoo chache za maji.

Maji ya ziwa yanafaa kuchanganyia? (Kirumba)

Yanafaa yakiwa safi. Ziwa Victoria halina chumvi kama bahari, kwa hiyo nondo zako hazina shida nayo. Shida ni ufukweni, maji yanapokuwa ya kijani au ya matope: mwani na udongo hudhoofisha zege. Chota mbali na hapo, uyaache yatulie kwenye pipa.

Mafundi walikwenda kula, wakakuta zege limeanza kushika. Wakaongeza maji, wakakoroga upya. (Nyegezi)

Zege hilo lilikuwa la kutupwa. Likishaanza kushika, maji ya kuongeza hayalirudishi, yanalidhoofisha tu. Korogeni kiasi mnachoweza kumwaga ndani ya saa moja, na juani hata chini ya hapo. Kipimo cha maji ni kama nusu ya uzito wa saruji, yaani lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, na mchanga ukiwa umelowa mpunguze. Fundi akitaka uji mwepesi ili limwagike kirahisi, mkatalie.

Mirunda ya slabu nitoe lini? (Igoma)

Mbao za pembeni za nguzo zinaweza kutoka baada ya siku moja au mbili. Mirunda, ile miti inayoshikilia slabu kwa chini, ni habari nyingine, maana ndiyo inayobeba uzito wote. Zege la siku 7 huwa na takriban theluthi mbili tu ya nguvu ya siku 28. Usiiguse kabla ya wiki 2, na kama nafasi kati ya nguzo ni kubwa, subiri zaidi. Mhandisi aliyekuchorea ndiye wa kuruhusu, si fundi anayetaka mbao zake kwa kazi nyingine.