Umeme umekatika, faili limebaki tupu: maswali yenu ya Python, lugha ya kuandikia programu

Fundi, shikamoo. Programu inasema FileNotFoundError, na faili la mauzo ya machungwa naliona kwa macho yangu. (Muheza)

Marahaba. Python hutafuta kwenye folda uliyokuwemo ulipoiendesha programu, na huenda siyo ile unayoitazama. Chapisha `os.getcwd()` ujue uko wapi. Tazama na mkia wa jina pia: Windows huuficha, kwa hiyo mauzo.csv yako inaweza kuwa mauzo.csv.txt.

Umeme ulikatika programu ikiandika uzito wa mkonge. Faili zima tupu, hata ya mwezi jana hayamo! (Korogwe)

Pole sana, ndugu. Mimi somo hili nililipata kwa kupoteza hesabu za michango ya harusi ya binamu yangu, na shangazi hadi leo ananitazama kwa jicho la pembeni.

Ukifungua faili kwa `"w"` (kuandika upya), yaliyomo hufutwa papo hapo, kabla hujaandika hata herufi moja. `with` haikuokoi: yenyewe hufunga faili kosa likitokea ndani ya programu, lakini umeme ukienda, nani atafunga? Andika kwanza mkonge.tmp kwenye folda ile ile. Kabla ya kulifunga, ita `f.flush()` kisha `os.fsync(f.fileno())` ili data ifike kwenye diski kweli. Likishafungwa, ita `os.replace("mkonge.tmp", "mkonge.csv")` lichukue nafasi ya la zamani. Umeme ukikatika kabla ya hapo, la zamani lipo salama. Hilo la tmp ni waja leo waondoka leo, kama tusemavyo Tanga.

Nimeweka `except: pass`, makosa yakaisha. Ila jumla haipatani na daftari. (Pangani)

Hayajaisha, dada, umeyaziba mdomo. Weka `except ValueError` na uchapishe namba ya mstari uliokataa. Nahisi utakuta "1,200": `int()` haikubali ule mkato. Uondoe kwa `replace(",", "")`.

Orodha ya wafugaji inasomeka vizuri hadi mstari wenye neno ng'ombe, kisha UnicodeDecodeError, byte 0x92. Ng'ombe ana kosa gani? (Tanga mjini)

Ng'ombe hana kosa, ni ile ritifaa yake, alama ya ('). Word mara nyingi huipinda, na faili likihifadhiwa kwa msimbo wa zamani wa Windows, ritifaa hiyo huwa 0x92, ambayo UTF-8, msimbo wa kawaida wa sasa, haiitambui pale ilipo. Soma kwa `encoding="cp1252"`. Au lihifadhi upya kama CSV ya UTF-8, kisha usome kwa `"utf-8-sig"`, maana Excel hubandika alama isiyoonekana mwanzoni na kichwa cha safu ya kwanza huharibika.

PermissionError kila nikiandika, na kompyuta ni yangu mwenyewe! (Ngamiani)

Yaelekea faili liko wazi kwenye Excel. Lifunge.