Anza na gati, ndipo ununue tiketi ya ndege

Kabla hujaanza kutafuta tiketi ya ndege, fungua hati ya safari yako ya meli na usome jina la bandari. Usiishie kwenye jina la mji lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Tafuta bandari yenyewe, na kama vimetajwa, jengo la abiria na namba ya gati. Hapo ndipo unapokwenda. Uwanja wa kutua, hoteli ya kulala, hata viza utakazoomba, vyote vinapangwa kutoka hapo kurudi nyuma. Nimewasaidia ndugu na marafiki wengi kupanga safari za meli za kitalii, wengine wakitokea Dar na Nairobi, wengine wakiwa wanaishi Ulaya au Marekani, na karibu kila anayesafiri kwa mara ya kwanza huanzia upande wa pili. Anaona nauli nzuri ya kwenda Roma, anainunua haraka isije ikapanda, kisha anauliza meli iko wapi.

Kampuni za meli huuza safari kwa jina la mji unaojulikana. Meli ya Roma iko Civitavecchia, kiasi cha kilomita 70 hadi 80 kutoka Roma. Ya Paris iko Le Havre, karibu kilomita 200. Ya Berlin iko Warnemünde, kwenye Bahari ya Baltiki, zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini. Ya London mara nyingi ni ya Southampton. Venice ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu tangu Agosti 2021 Italia imezipiga marufuku meli kubwa, zile za kuanzia tani 25,000, kupita mbele ya uwanja wa wazi wa Mtakatifu Marko, katikati ya mji. Nyingi zilihamia bandari nyingine, zikiwemo Ravenna na Trieste, lakini baadhi ya matangazo bado yanataja Venice. Kama gati lako liko Ravenna, uwanja wa ndege wa Bologna uko karibu kuliko ule wa Venice, na mtu aliyekwisha kulipia hoteli karibu na mifereji ya Venice atavuka kilomita zaidi ya 140 asubuhi ya safari akiwa na mabegi.

Nitakaa kidogo na Civitavecchia, kwa sababu watu wetu wengi huanzia huko. Roma ina viwanja viwili, Fiumicino na Ciampino. Chagua Fiumicino, kwani ndiko zinakotua ndege za masafa marefu na treni inaanzia ndani ya uwanja. Ukitoka na mizigo utaona treni ya haraka iitwayo Leonardo Express, na watu wengi wataifuata. Wewe iache, maana inakwenda moja kwa moja Termini, katikati ya jiji, nawe huendi huko. Panda treni ya kawaida ya mstari wa FL1, shuka kituo cha Trastevere, ubadilishe upande treni ya kwenda Civitavecchia. Pale Trastevere kuna ngazi na majukwaa kadhaa, kwa hiyo soma ubao unaoonyesha treni yako inatokea jukwaa gani kabla hujaanza kuburuta mabegi. Ukifika Civitavecchia, usijaribu kuiendea meli kwa miguu kwa kuwa unaiona pale baharini. Bandari ni ndefu sana. Kutoka kituoni unapanda basi hadi mahali paitwapo Largo della Pace, na hapo mabasi ya bandari huwachukua abiria hadi kwenye meli zao. Kama mko wanne na mna mabegi makubwa, au mna mzazi ambaye magoti yanamsumbua, kodini gari kutoka uwanjani na mlilipie mapema. Fedha hiyo mtaiona ina thamani.

Southampton ina mambo yake. Kutoka Heathrow kuna mabasi ya masafa ya moja kwa moja, na kutoka Gatwick au kituo cha Waterloo kuna treni hadi Southampton Central. Hata hivyo kufika mjini hakujamaliza safari, kwani bandari ina majengo matano ya abiria, nayo yametawanyika. Ocean na Queen Elizabeth II yako upande wa mashariki. City, Mayflower na Horizon yako upande wa magharibi. Siku ambayo meli tatu ziko bandarini kwa pamoja, dereva wa teksi ukimwambia "nipeleke kwenye meli" atakuuliza ipi, na ukimtajia jina la meli huenda asijue iko gati gani. Mpe jina la jengo na namba ya lango la bandari kama ilivyo kwenye hati yako, mfano lango la 4 kwa upande wa mashariki. Iandike kwenye karatasi. Simu huzima chaji saa ile ile unayoihitaji.

Marekani ndiko jina la mji na jina la uwanja wa ndege huwachanganya wengi zaidi. Kusini mwa Florida kuna bandari mbili kubwa zinazokaribiana, ile ya Miami na ile ya Fort Lauderdale iitwayo Port Everglades. Kila mji una uwanja wake wa ndege, na kila uwanja uko jirani na bandari yake, ule wa Fort Lauderdale ukiwa karibu kabisa, dakika chache tu kwa gari. Umbali kati ya miji hiyo ni kama kilomita 45, kwa hiyo ukitua mji mmoja na meli ikawa mji mwingine hujapotea. Pima tu nauli mbili pamoja, ya ndege na ya gari, ukikumbuka kwamba barabara ile hujaa. Meli za Orlando ni habari nyingine. Orlando haina bahari. Bandari yake ni Port Canaveral, kilomita kama 70 upande wa mashariki, na uwanja unaoutaka ni ule mkubwa wenye alama ya MCO. Upo mwingine, Sanford, nao umebeba jina la Orlando, lakini uko kaskazini na unakuongezea mwendo.

New York usiamini neno "New York" peke yake. Kuna gati za Manhattan, kuna Brooklyn kule Red Hook, na kuna Cape Liberty, ambayo haiko hata kwenye jimbo la New York. Iko Bayonne, New Jersey, ng'ambo ya maji. Kwa Cape Liberty tua Newark. Anayetua JFK akielekea Bayonne atalipa madaraja na foleni za jiji zima. Texas nako, meli za Galveston huuzwa pamoja na ndege za Houston, na Houston ina viwanja viwili. Hobby uko kusini, upande wa Galveston. Ule mwingine, wa George Bush, uko kaskazini, hivyo ukitua huko itabidi ulikate jiji lote kwanza.

Sasa suala la siku. Fika siku moja kabla ya meli kuondoka, na kama unatoka Afrika Mashariki fika siku mbili kabla. Hapa sibembelezi mtu. Ukitoka Dar au Nairobi utaunganisha ndege mara moja au mbili, na ndege moja ikichelewa, mpango wote unakwenda na maji. Meli haikusubiri. Kampuni nyingi hufunga mapokezi saa moja au zaidi kabla ya kuondoka, kwa sababu orodha ya abiria lazima ifike kwa mamlaka kabla meli haijang'oa nanga. Hati ikisema meli inaondoka saa kumi jioni, jihesabu kwamba mlango wako unafungwa saa nane na nusu. Yapo mabegi pia. Begi likibaki Addis Ababa au Doha na wewe umeshafika, siku ile ya ziada ndiyo inayolipa nafasi ya kukukuta hotelini. Ukishapanda meli, begi litakufukuza kisiwa hadi kisiwa. Dawa, miwani, pasipoti, kadi ya homa ya manjano na nguo za siku mbili viwe kwenye begi la mkononi, bila mjadala.

Wengine hujipa moyo kwamba wakiachwa wataikuta meli bandari inayofuata. Pengine inawezekana, lakini fikiria Miami. Marekani ina sheria ya mwaka 1886 inayozizuia meli zisizo na bendera ya nchi hiyo kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine, isipokuwa njiani zipite bandari ya kigeni iliyo mbali, na Bahamas na Meksiko hazihesabiwi kuwa mbali. Meli nyingi kubwa za kitalii zina bendera za nchi kama Bahamas, Panama au Malta. Kwa hiyo aliyeikosa meli Miami akaikimbiza hadi Key West, bandari nyingine ya Florida, hataruhusiwa kupanda pale kama safari yake inaishia Miami. Itambidi aruke hadi bandari ya nchi nyingine, na huko atahitaji tiketi mpya, pasipoti mkononi na ruhusa ya kuingia.

Ndege zako zote ziwe kwenye tiketi moja. Ukinunua Nairobi hadi London kwa shirika moja, kisha London hadi Roma kwa jingine lenye bei nafuu, ya kwanza ikichelewa ya pili haina habari na wewe. Baya zaidi, huenda ukatua Heathrow na kuondokea Gatwick. Hapo unatoka nje ya uwanja, unachukua mabegi, unapita uhamiaji wa Uingereza, na viza ya Schengen uliyo nayo, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya lakini si Uingereza, haitakusaidia mlangoni pale. Nchi nyingine nazo hukutaka uchukue mizigo kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia hata kama unaendelea mbele. Marekani kwa kawaida ndivyo ilivyo, na Johannesburg pia ukielekea Durban. Acha saa tatu au nne kati ya ndege na ndege.

Viza ndiyo sehemu ninayotaka uisome taratibu. Meli inapotoka nchi fulani na kurudi, kwa afisa wa uhamiaji umeondoka na unaingia upya. Angalia stika iliyo kwenye pasipoti yako. Ya Schengen ina sehemu ya idadi ya kuingia, na utaona 01, 02 au MULT. Tuseme meli inatoka Piraeus, bandari ya Athens, inakwenda Uturuki kisha inarudi Ugiriki. Mwenye 01 ameshaitumia alipotua Athens, na kampuni ya meli ina haki ya kumkatalia kwenye mapokezi kabla hajaona hata ngazi. Omba viza ya kuingia mara nyingi, na kwenye maombi ambatisha ratiba ya meli inayoonyesha kila bandari. Anayepandia Southampton kwenda Hispania au Ureno anahitaji viza ya Uingereza na ya Schengen, zote mbili. Anayepandia Vancouver kwenda Alaska anahitaji ya Kanada na ya Marekani. Kuishi kwako Ulaya au Marekani hakubadilishi jambo hili kwa mama anayekuja kutoka Tanga na pasipoti yake, na ni yeye ndiye atakayerudishwa, wewe ukipita.

Kwa anayeanza akiwa nyumbani, mimi humshauri aangalie kwanza bandari ambazo njia yake ni fupi. Durban ni mojawapo. Kiangazi cha kusini meli hutoka pale kuelekea Msumbiji, na wenye pasipoti za Tanzania na Kenya huingia Afrika Kusini kwa matembezi mafupi bila viza. Uwanja wa King Shaka uko kaskazini mwa jiji, kama kilomita 35 kutoka bandarini, barabara nzuri. Dubai nako ndege ni za moja kwa moja kutoka Dar na Nairobi, na msimu wa meli ni miezi ya baridi yao. Uliza tu kama gati ni Mina Rashid, upande wa mji wa zamani, au Dubai Harbour, karibu na mtaa wa Marina, na uhakikishe meli yenyewe haiondokei Abu Dhabi, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Viza ya Falme za Kiarabu, nchi iliko Dubai, nayo iwe ya kuingia zaidi ya mara moja kama meli inapita Oman na kurudi.

Tiketi ya kurudi huwa haifikiriwi, nayo hupoteza fedha za watu. Safari nyingine huanzia bandari moja na kuishia nyingine. Unaweza kupandia Civitavecchia ukashukia Barcelona, au kupandia Vancouver ukashukia Seward kule Alaska, ambako utahitaji uwanja wa Anchorage, kiasi cha kilomita 200 kwa barabara. Nunua tiketi ya kwenda mji mmoja na kurudi kutoka mwingine. Haina maana kurudi ulikoanzia kufuata ndege. Kwa Barcelona, chagua El Prat, kwa sababu viwanja vya Girona na Reus huuzwa kwa jina la mji huo wakati viko mbali nao. Na hata meli ikifunga gati saa kumi na mbili asubuhi, abiria hawashuki wote pamoja. Kuna zamu, kuna mabegi ya kutafuta ukumbini, kuna foleni ya uhamiaji. Kwa Fort Lauderdale au Miami usikate ndege inayoruka kabla ya saa sita mchana. Kwa Civitavecchia, Southampton na Port Canaveral, mimi huanzia saa nane. Na kama ndege ya nyumbani ni ya usiku, uliza mapema wapi utaacha mabegi mchana kutwa, maana si kila bandari ina chumba cha kuhifadhia mizigo.