Si baridi peke yake inayoua mifugo Mongolia

Je, ni baridi tu inayoua mifugo Mongolia? Hapana ndugu, si baridi peke yake. Wafugaji wa Mongolia wamezoea nyuzi 30 chini ya sifuri tangu enzi za mababu, na mifugo yao vilevile. Kinachoua kinaitwa dzud, na mara nyingi huanzia majira ya joto: mvua ikikosekana, nyasi hazistawi, mnyama anaingia majira ya baridi hana mafuta mwilini. Kisha theluji nzito inafukia malisho. Mbaya zaidi ni ile wanayoiita dzud ya chuma. Theluji inayeyuka kidogo, halafu inaganda kuwa barafu ngumu. Kondoo anaparua kwa kwato, nyasi ziko pale pale chini yake, lakini hazifikii. Anakufa njaa juu ya chakula chake.

Majira ya baridi ya 2023–2024 yaliondoka na mifugo zaidi ya milioni 7. Wastani wa joto nchini humo umepanda zaidi ya nyuzi 2 tangu 1940, na ukame wa majira ya joto ndio unaowamaliza.

Ila tusiitupie hali ya hewa lawama zote. Mifugo ilipobinafsishwa miaka ya 1990, mbuzi waliongezeka mno kwa ajili ya manyoya yao laini, kashmiri, na malisho yakachakaa. Inayoniuma zaidi ni hii: aliyepoteza kundi lote huishia pembezoni mwa mji mkuu, Ulaanbaatar, anasimika hema lake na kuota moto wa makaa ya mawe, watoto wakivuta moshi huo usiku kucha.