Mpangaji Ana Paka Wawili: Tumkubali au Tumkatae?

Mpendwa dada,

Umenieleza kwamba mpangaji wenu wa awali alifuga paka kwa siri, akahama na kuwaachia harufu ya mkojo ambayo hurudi kila hewa inapokuwa na unyevu. Sasa mama mmoja anayeitaka nyumba hiyo amesema wazi kwamba ana paka wawili. Mumeo anataka akataliwe, na wewe unaona vibaya kumnyima nyumba mtu aliyesema kweli.

Nawashauri mumkubali, kwa masharti yaliyoandikwa. Hasara ya kwanza ilikua kwa sababu ya siri. Mkojo wa paka hupenya ndani ya mbao na saruji, ukabaki humo na kunuka upya unyevu unapopanda. Ukiwahiwa ungali mbichi, husafishika. Lakini mpangaji anayeficha paka hawezi kumwita mwenye nyumba aje aone doa.

Kabla hajahamia, safisheni madoa ya zamani kwa dawa yenye vimeng'enya, yaani viambata vinavyovunjavunja uchafu wa mkojo, wala msitumie yenye amonia, kwa sababu harufu yake inakaribiana na ya mkojo, na paka mgeni anayenusa alama ya mwenzake huenda akaweka yake hapohapo. Muulizeni pia kama paka wake wamehasiwa, jambo ambalo hupunguza sana tabia ya kurusha mkojo ukutani, na awaonyeshe kadi za chanjo.

Katika mkataba, tajeni paka hao wawili, si "wanyama" kwa ujumla, ili idadi isiongezeke kimyakimya. Pigeni picha za kila chumba mkiwa pamoja, milango na fremu zake zikiwemo, na nyote mzitie saini. Andikeni kwamba uharibifu utakatwa kwenye amana kwa kiwango ambacho sheria inaruhusu, na kwamba atapuliza dawa ya viroboto anapohama, kwa kuwa viroboto walio ndani ya vifukofuko wanaweza kukaa miezi kadhaa kwenye nyufa za sakafu, wakatoka wanapohisi mtikisiko wa nyayo za mpangaji mwingine. Ningesita tu kama mngekuwa mnaishi naye chini ya paa moja na mmoja wenu ana pumu inayochochewa na paka.

Kuhusu mumeo, tafadhali usimwone kuwa hana huruma. Ndiye aliyekwangua sakafu ile, na hofu yake ina msingi. Mwombeni mama huyo awakaribishe anakoishi sasa, mwende wote wawili, na mumeo akague mwenyewe pembe za vyumba na mahali linapowekwa sanduku la mchanga ambamo paka hujisaidia. Mkikuta pananuka, mwambieni siku hiyohiyo, kwa upole, ili apate muda wa kutafuta kwingine.